Orodha ya Daraja la Tatu: Kuikumbuka MV Bukoba kila Mei 21

Swali linaloulizwa zaidi katika makaburi ya Igoma, mashariki mwa Jiji la Mwanza kwenye barabara ya kwenda Musoma, walikozikwa baadhi ya waliokufa meli ya abiria MV Bukoba ilipopinduka Ziwa Victoria ikitokea Bukoba kwenda Mwanza, ni lile ambalo watoto wa shule huanza nalo kabla hata hawajafika kwenye makaburi: walikuwa wangapi? Na kila mwaka jibu hubadilika kulingana na anayejibu. Mmoja atasema zaidi ya 800. Mwingine atasema 894, idadi inayotajwa kuliko zote. Mwingine atafika 1000. Tofauti kati ya jibu la chini na la juu inaweza kufika watu 200, na kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyekaa gatini Mwanza akimsubiri asubuhi ile ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996.

Sababu ya kutojua si ugumu wa kuhesabu maiti. Kosa lilifanyika kabla meli haijang'oa nanga. MV Bukoba ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha iliyokuwepo, ya daraja la kwanza na la pili peke yake, ilikuwa na watu 443. Ina maana meli ilikuwa imeshajaa kwa wenye vyumba na viti tu, na bado daraja la tatu halijaguswa. Daraja la tatu, la nauli ndogo, halikuwa na orodha. Waliopanda humo hawakuandikwa popote, na walipozama hapakuwa na karatasi ya kuwadai.

Miezi ishirini hivi kabla ya hapo, Septemba 28, 1994, meli ya Estonia ilizama usiku katika bahari ya Baltiki. Waliokuwemo walikuwa 989, waliokufa 852, waliookoka 137. Zijumlishe hizo mbili za mwisho, utapata ile ya kwanza bila kubakiza mtu. Na hata baada ya hapo Wazungu hawakuridhika. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya uliweka kanuni kwamba abiria wote wahesabiwe kabla ya meli kuondoka, na safari inayozidi maili 20 za baharini iandikwe majina. Kutoka Bukoba hadi Mwanza ni safari ya usiku kucha.

Tunaoshughulika na kumbukumbu hii tumefikia imani moja, na tunaisema bila kuificha: kumkumbuka aliyezama ni kwanza kumhesabu. Shada la maua na hotuba vinakuja baada ya hapo.

Ili mtu aelewe kwa nini hesabu ni uhai, ni lazima aelewe meli inavyopinduka. Wengi hudhani meli huzama kwa sababu uzito umezidi ikaelemewa hadi maji yakaingia. Hutokea, lakini meli ya abiria huweza pia kupinduka ikiwa bado inaelea vizuri tu. Kinachoiponza ni mahali uzito ulipokaa.

Kila meli ina kitovu cha uzito. Juu yake kuna nukta nyingine ambayo meli ni kama imetundikwa hapo, mithili ya kengele, na ikilalia upande uzito wake huivuta irudi wima. Umbali kati ya nukta hizo mbili ndio uthabiti wake. Ukiwa mkubwa, meli inarudi upesi. Ukiwa mdogo, inalala polepole na inakawia kurudi. Mabaharia wazee hulitambua jambo hilo kwa miguu yao kabla ya chombo chochote cha kupimia: meli inayoyumba kwa uvivu, ikafika upande mmoja ikatulia kana kwamba inafikiri, hiyo imepungukiwa.

Tupige hesabu. Hivi si vipimo vya MV Bukoba, ni mfano wa darasani. Chukua meli yenye tani 800 pamoja na mzigo. Watu 200 wenye wastani wa kilo 70 ni tani 14. Waondoke katikati ya sitaha, wasogee mita 4 upande mmoja kuangalia mji unaokaribia. Kama uthabiti wa meli ni nusu mita, italala nyuzi 8 hivi, watu watashtuka, watoto watalia, basi. Kama uthabiti umeshuka hadi sentimita 15, watu walewale kwa hatua zilezile watailaza kufikia nyuzi 25. Kwenye nyuzi 25 mkungu wa ndizi ambao haukufungwa hauwezi kukaa mahali pake. Unateleza, unafuatwa na mwenzake, na mizigo yote inakwenda upande ambao tayari umelemewa. Hapo ndipo chombo kinapokwenda mrama na hakirudi.

Na uthabiti unashushwa na mambo madogo madogo yanayojumlishana. Abiria kupanda sitaha ya juu kwa sababu chini hakuna hewa. Magunia kuwekwa juu kwa sababu tumbo la meli limejaa. Farumi, yaani maji au uzito unaowekwa chini makusudi ili meli itulie, kupunguzwa ili ibebe shehena zaidi. Mafuta ya kwenye matangi ya chini kutumika usiku kucha, ili kufikia alfajiri meli iwe nyepesi chini kuliko ilivyoondoka. Hilo la mwisho husahaulika sana. Meli inayofika bandarini asubuhi si ile iliyoondoka jana jioni. Imepoteza uzito wa chini, na abiria wake wameamka, wamesimama, wanasogea.

Tangi la farumi nalo lina tabia yake. Likijaa kabisa ni msaada, likiwa tupu kabisa halina madhara yake lenyewe, likiwa nusu ni adui, kwa sababu meli ikilala maji yote humiminikia upande huohuo. Ukuta mmoja wa katikati, unaoligawa tangi sehemu mbili sawa kulia na kushoto, hupunguza athari hiyo hadi robo. Bamba moja la chuma. Ndiyo maana mkaguzi anayejua kazi yake haulizi tu kama farumi ipo, anauliza kila tangi limejaa kiasi gani na nani alilipima.

Abiria wa kawaida hana jinsi ya kupima matangi. Lakini anaweza kusimama gatini akaangalia ubavuni mwa meli ulipo mstari wa kupakilia, ile duara iliyokatwa na mstari. Mstari ukiwa chini ya maji, asipande. Anaweza pia kuangalia kama meli imelala upande mmoja hali imefungwa gatini na ziwa limetulia. Ikiwa imelala hapo, huko mbele itakuwaje?

Kuna sehemu ya msiba huu ambayo wengi huisimulia kwa hasira, na inafaa isimuliwe kwa ufahamu. Baada ya kupinduka, MV Bukoba haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki likielea juu ya maji, na ndani walikuwemo watu hai. Waliokuwa nje waliwasikia wakigonga. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa ikatoka, maji yakapanda, na meli ikashuka hadi chini, kina cha mita 25.

Walimu wanaowaleta wanafunzi Igoma tunawashauri wafanye jaribio hili kabla ya safari, kwa sababu linafundisha kuliko maneno. Chukua kikombe cha plastiki, toboa tundu dogo la sindano kwenye kitako chake, ziba kwa kidole. Kizamishe kifudifudi kwenye ndoo ya maji. Kinakataa kushuka, kinakusukuma mkono. Ndani, maji yamefika kidogo tu kwenye ukingo, hewa imebanwa juu. Sasa ondoa kidole. Utasikia mlio mwembamba wa hewa, na utaona maji yanavyopanda ndani taratibu bila kusimama mpaka yakutane na kitako. Hakuna aliyekisukuma. Mwanafunzi akishaliona hilo haulizi tena kwa nini.

Waliotoboa walitaka kuokoa, na hakuna atakayewalaumu kwa nia yao. Walikosa ujuzi na vifaa. Utaratibu unaojulikana ni kwamba chombo kilichopinduka hakitobolewi mpaka kwanza kimeshikwa: kwa maboya makubwa ya hewa yaliyofungwa pande zote, au kwa vyombo vingine viwili vilivyokikumbatia, au kwa winchi. Ndipo wazamiaji huingia kwa chini, kupitia milango na madirisha yaliyo majini, na kumtoa mtu kwa njia hiyohiyo, akiwa amevalishwa kifaa cha kupumulia. Kugonga hujibiwa kwa kugonga: ukisikia watu wanagonga, gonga urudishe, kwa mpangilio uleule, wajue wamesikika, kisha chora kwa chaki mahali sauti inapotokea. Ikiwa lazima hewa iongezwe, hupitishwa kwa mpira wenye valvu ambayo hairuhusu hewa kurudi nje. Mwaka 1996 wazamiaji kutoka Afrika Kusini walikuja kusaidia, lakini kazi iliyobaki ilikuwa ya kutoa maiti.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Safari hii wazamiaji waliingia kwa chini. Jumamosi wakamtoa fundi wa mitambo akiwa hai, alikuwa amekaa siku mbili kwenye hewa iliyonaswa. Mtu mmoja. Lakini ni mtu mmoja ambaye kwa njia ya 1996 asingetoka.

Kile ambacho hakikubadilika ni orodha. MV Nyerere ilikuwa na uwezo wa watu 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Na siku zile za kwanza hakuna aliyeweza kusema walikuwa wangapi, kwa kuwa mkatisha tiketi alikufa maji na mashine yake ya tiketi ikazama pamoja naye. Huko Zanzibar vilevile, MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, idadi ya kwanza ya waliokufa ilikuwa 200 na kitu. Hesabu ilipofanywa upya pamoja na waliopotea, ikavuka 1500. Nyumba zao zilikuwa zikijua, kitabu tu ndicho kilichokuwa hakijui.

Kwa hiyo orodha inayosafiri na meli peke yake si orodha. Kinachotakiwa si mtambo wa gharama. Ni nakala tatu: moja kwa nahodha, moja kwa bandari ya kuondokea, moja kwa bandari ya kufikia, na hiyo ya pili ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa. Kuhesabu kwenyewe kuna mitego yake, na ni vizuri anayesimamia aijue.

Mlango uwe mmoja. Milango miwili ni hesabu mbili na ubishi. Wahesabu wawe wawili, mmoja chini gatini na mmoja juu mwisho wa ngazi, kila mmoja akiwa na kihesabio cha mkononi, na wasiongee mpaka mwisho. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya mtu mmoja au wawili, chanzo karibu kila mara ni makuli. Wao hupanda na mzigo, hushuka, hupanda tena, na mmoja wao akikutwa bado yumo ndani meli inapoondoka hana tiketi wala jina. Wavalishwe fulana za rangi, wahesabiwe peke yao wakishuka. Mtego wa pili ni bandari ya katikati. Safari ya 1996 ilianzia Bukoba ikapitia Kemondo. Orodha sahihi ya Bukoba ikifika Kemondo imekufa, lazima iandikwe upya na nakala ibaki Kemondo. Mtego wa tatu ni mtoto wa mgongoni. Karani anahesabu tiketi, mtoto hana tiketi, basi mtoto hayupo. Naye anahitaji jaketi okozi la kimo chake. La mtu mzima humvuka kichwani akitumbukia.

Tukiwa kwenye majaketi: jaketi lililotundikwa ukutani si ushahidi wa usalama. Livute mishipi yote kwa nguvu za mikono miwili. Binya povu, likiwa gumu kama mkate wa juzi, au likibaki na alama ya vidole, limechoka. Tafuta filimbi. Jaribio la uhakika ni kulizamisha kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi likiwa limekandamizwa na jiwe kwa saa 24, kisha kupima nguvu yake ya kuelea kabla na baada. Ikiwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5, liondolewe.

Sasa ile kazi ya nyuma, ya kuandika wale ambao hawakuandikwa. Miaka 30 imetimia Mei 2026. Mjane aliyekuwa na miaka 40 sasa ana 70. Atakayekuambia mumewe alipanda daraja gani hatakuwepo milele, na akiondoka, mstari ule haujazwi tena.

Fomu isiwe ndefu. Majina matatu ya marehemu, jinsia, umri wakati ule, kijiji na kata alikotoka, alikuwa akienda kwa nani, alisafiri na nani, alipandia Bukoba au Kemondo, na alizikwa wapi au hakuonekana. Chini yake mashahidi wawili kutoka nyumba tofauti. Tatizo kubwa kuliko yote ni majina. Mhaya mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo au la Kiislamu, na jina analojulikana nalo sokoni Mwanza. Mama aliyeolewa atatajwa na ndugu zake wa Muleba kwa jina lake la nyumbani, tuseme Koku, na wakweze watamtaja Mwanza kama mama fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wote wanasema kweli, na wewe umemwandika mtu mmoja mara mbili. Dawa ni kulinganisha kwa yale mengine: umri, kijiji, aliyesafiri naye. Yakilingana matatu, rudi ukaulize kabla ya kufuta. Tusifute kwa kukisia. Afadhali jina lijirudie kuliko mtu apotee mara ya pili.

Namna ya kuuliza ni nusu ya kazi. Huingii na kalamu mkononi. Unamwamkia, shikamoo bibi, unampa pole kwa sababu msiba usio na kaburi haujawahi kuanuliwa tanga lake sawasawa, unaketi ulipoonyeshwa, na unaeleza kuwa umekuja kumwandika mtu wake ili asomwe Igoma. Mara nyingi atasimama aende chumbani. Usimfuate. Atarudi na picha, au kitambulisho, au barua. Piga picha ile karatasi pale pale mbele yake na umrudishie mkononi, usiombe kuondoka nayo. Na usimuulize aliyeokoka alivyojiokoa. Wengi wao waliwashika watu ambao baadaye mkono uliachia. Ukimwacha, atasema anachotaka kusema.

Ama siku yenyewe, maandalizi yaanze Machi. Mei inakuja mwishoni mwa masika na nyasi za Igoma huwa zimefika kiunoni. Zikifyekwa wiki moja kabla zinaacha visiki vinavyochoma miguu ya wazee, zikifyekwa wiki tatu kabla na kurudiwa siku mbili kabla, pananyooka. Maandishi ya rangi juu ya saruji hayamalizi masika mbili. Yachongwe kwanza kwa tindo, kina cha milimita 3 hadi 4, ndipo rangi ya mafuta ipakwe ndani ya mchongo. Rangi ikifutika, jina linabaki na linasomeka kwa kidole.

Kusoma majina 894 kwa sekunde 4 kila jina ni saa nzima kasoro sekunde chache. Ratiba nyingi humpa msoma majina dakika 10 baada ya hotuba tano, jua likiwa utosini, na matokeo yake husomwa majina machache "kwa niaba ya wengine". Hilo ndilo lililofanyika mwaka 1996 kwenye ngazi ya meli, wachache waliandikwa kwa niaba ya wengi. Majina yasomwe kwanza, saa 1:30 asubuhi kukiwa na ubaridi, kabla ya hotuba yoyote. Wasomaji watatu wapokezane kila baada ya majina 50, angalau mmoja awe Mhaya ili matamshi yasivunjike, na wafanye mazoezi mara mbili kwa sauti. Sala za Wakristo na dua za Waislamu zifuate, kila upande kwa muda wake uliokubaliwa, kwa kuwa humo makaburini wamelala pamoja na hakuna aliyewatenganisha.

Kundi linalokwenda kuweka mashada ziwani lihesabiwe gatini, liandikwe kwa majina nakala mbili, na kila mtu avae jaketi na kulifunga akiwa bado nchi kavu, kuanzia mgeni rasmi. Boti ya watu 12 ibebe 12. Wa kumi na tatu asubiri safari ya pili, hata kama ni mpiga picha.

Katika orodha inayokusanywa kuna mistari isiyo na majina. Shahidi alimwona mtu, hakumjua. Mistari hiyo nayo husomwa, kwa sauti ileile na kwa sekunde nne zilezile: mwanamume mtu mzima, alipandia Kemondo na mikungu ya ndizi. Msichana, sare ya shule. Mtoto mchanga, mgongoni mwa mama yake, daraja la tatu.